Fani ya Karatasi ya Kura ya Malta

Uhakiki wetu umezoea kutenga fani na maudhui kwa ajili ya mjadala, kisha kuviunganisha tena hukumu inapofika. Karatasi ya kura ambayo raia wa Malta huitumia kuwachagua wabunge wao wa Bunge la Ulaya haikubali kutengwa hivyo, kwa kuwa jibu inalolitoa huzaliwa na jinsi ilivyojengwa. Malta, nchi ya visiwa yenye watu zaidi kidogo ya nusu milioni, hupeleka wabunge 6 katika bunge la watu 720. Hiyo ndiyo idadi ya chini kabisa inayoruhusiwa kwa nchi mwanachama, ilhali Ujerumani ina wabunge 96. Nafasi zikiwa chache kiasi hicho, kila kipengele cha umbo hupata uzito, na msomaji makini hana budi kukisoma kimoja kimoja.

Sheria ya Umoja wa Ulaya inadai uwakilishi wa uwiano, lakini huiachia kila nchi kuchagua kati ya orodha za vyama na kura moja inayohamishika. Nchi karibu zote zimechagua orodha. Malta, sawa na Ireland, ilishika kura inayohamishika, mtindo ambao visiwa hivyo vimeutumia tangu 1921. Katika uchaguzi wa bunge la taifa, nchi hugawanywa katika majimbo 13, lakini katika uchaguzi wa Ulaya, Malta na Gozo huwa jimbo moja, na wapigakura wote husoma karatasi ileile. Wagombea hupangwa kwa makundi ya vyama, na ndani ya kila kundi hufuatana kwa alfabeti. Chama huwa kimeteua majina bila kuyapa daraja. Daraja huwekwa na mpigakura, kwa kuandika 1 mbele ya jina analolipenda kuliko yote, kisha 2, kisha 3, hadi pale anapoona inatosha.

Hapo ndipo ufundi wa umbo hili unapoonekana. Alama ya vema kwenye orodha iliyofungwa, kama ya Ujerumani au Ufaransa, ni tamko la mara moja: mpigakura hukubali mpangilio uliokwisha kuamuliwa na chama. Mfululizo wa namba ni tamko lenye masharti, kwa maana kila namba husubiri hatima ya ile iliyoitangulia. Anayeandika 2 anasema kwamba jina la kwanza likikwama, au likishinda na kubakiza, sauti yake isiishie hapo. Mpigakura anakuwa mtunzi, na anapoamua kusimama baada ya namba ya tatu au ya kumi, kusimama huko nako ni sehemu ya utunzi wake.

Kuhesabu ni kuyasoma masharti hayo kwa utaratibu. Kima cha ushindi hupatikana kwa kugawa kura halali kwa idadi ya viti ukiongeza kimoja, kisha kuongeza kura moja. Tuchukue kura 70,000 na viti 6: 70,000 kwa 7 ni 10,000, hivyo kima ni 10,001. Mgombea mwenye kura 14,001 ameshinda akiwa na ziada ya 4,000, na ziada hiyo huwaendea waliopewa namba 2 kwenye karatasi zake, kwa uwiano. Kama nusu ya karatasi hizo zinamtaja mgombea mmoja, atapata 2,000. Ziada zikiisha na viti vikiwa bado, mgombea wa mwisho huenguliwa na karatasi zake husomwa upya kwa namba inayofuata. Kwa hiyo chama kinaweza kusimamisha wagombea wengi kuliko viti bila kuhofia kujigawanyia kura, ilimradi wafuasi wake waandike namba hadi mbali.

Uchaguzi wa 2024 ulionyesha uwezo wa umbo hili. Mgombea Roberta Metsola alipata zaidi ya kura 87,000 za chaguo la kwanza, zaidi ya mara mbili ya kima. Katika mfumo usiohamisha kura, wingi huo ungekuwa fahari ya mtu mmoja na hasara kwa wenzake. Hapa uligeuka akiba ya chama chake cha Nationalist, ambacho kilipata viti 3, sawa na chama cha Labour. Lakini uchaguzi wa 2004 unaonyesha mpaka wake. Arnold Cassola wa chama cha kijani alipata takriban asilimia 9 ya chaguo la kwanza, wakati kwa viti 5 vya enzi hizo kima kilikuwa karibu asilimia 17. Alihitaji namba za wafuasi wa vyama vikubwa, na hazikumfikia za kutosha. Kanuni inamruhusu mpigakura kuvuka kundi la chama chake; haimlazimishi, na mazoea ya vyama viwili huwafanya wengi wasimame mpakani.

Kilele cha ufundi huu kiko katika kiti kinachoachwa wazi. Haitishwi uchaguzi mdogo, wala chama hakiteui mrithi. Karatasi zilizompa kiti mbunge anayeondoka hufunguliwa na kusomwa tena, ili zimtaje anayefuata. Metsola aligombea 2004 na 2009 bila kushinda, kisha akaingia bungeni Aprili 2013, mbunge Simon Busuttil alipoondoka, kwa kura zilizopigwa miaka minne nyuma. Tangu Januari 2022 ndiye Rais wa Bunge hilo.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna ulinganisho wa karibu. Kifungu cha 50 cha mkataba wa Jumuiya yetu huliagiza kila bunge la taifa kuchagua wabunge 9 wa Bunge la Afrika Mashariki kutoka nje ya wabunge wake, wakiwakilisha vyama, mitazamo, jinsia na makundi maalumu kwa kadiri inavyowezekana. Kifungu hicho kinayataja malengo kwa majina, kisha kinaliachia kila bunge utaratibu wa kuyafikia. Umbo la Malta hufanya kinyume: halitaji lengo lolote la kijamii, ila hukaza utaratibu. Ndiyo maana liliweza kutoa wanaume watupu 2004 na 2009, na wanawake wanne kati ya sita 2014, bila kanuni ya kuhesabu kubadilika.

Hukumu yangu inaegemea upande wa utaratibu uliokazwa. Tamko la nia njema hutegemea hisani ya wanaolitekeleza, ilhali hesabu inayoonekana humwezesha mwananchi kufuata sauti yake kutoka namba moja hadi nyingine na kujua ilipokomea. Bunge lililo mbali na mpigakura linahitaji umbo la namna hiyo kuliko bunge lolote la nyumbani.