Lori Lililokula Watu: Nani Mtenda katika Visakale vya Mpakani?

Mtu aliyekulia Moding, katika nchi ya Wateso iliyo upande wa Kenya wa mpaka wa Busia na Malaba, hakosi kusikia kisa cha lori lililokula watu. Mwanzo hufa utingo, kisha dereva, kisha mtoto wa njiani. Lori huuzwa ng'ambo ya mpaka, hupakwa rangi nyingine, na mwaka wa pili huonekana tena katika msururu wa Malaba likingoja kukaguliwa. Visa hivi hukosekana katika mikusanyo yetu ya fasihi simulizi, ambayo imejaa sungura na fisi, na mwanafunzi anayevileta darasani huambiwa kwamba huo ni ushirikina. Nakiri kwamba hata mimi niliwahi kuwaambia hivyo.

Kosa hilo lina asili yake. Nilipokuwa nikisoma ng'ambo tulifundishwa kwamba kisakale cha gari lenye laana ni kimoja duniani kote, na mifano tuliyopewa ilikuwa miwili. Wa kwanza ni gari alimouawa Franz Ferdinand, Sarajevo, tarehe 28 Juni 1914. Wa pili ni Porsche aliyofia James Dean huko California tarehe 30 Septemba 1955. Katika visa hivyo laana imo ndani ya chuma chenyewe, nayo humwandama kila anayekinunua, awe mwema au mwovu. Kwamba gari la Sarajevo lilipelekwa mwaka huohuo katika makumbusho ya kijeshi ya Vienna, wala halikupata wanunuzi wa kufa, hakukuwazuia wasimulizi hata kidogo.

Kisa cha Moding sicho hicho. Katika ngano zetu boga husema, mti husema, hata mifupa husema. Lori la Moding halisemi kamwe. Sarufi nayo ina ushahidi wake. Tunasema kiboko amemla mtu, ingawa umbo la neno ni la ki-vi, kwa sababu tunamhesabu kuwa kiumbe; lakini lori *limekula* watu, na hubaki katika ngeli yake. Msomaji atanikumbusha zimwi la methali, ambalo nalo hupewa li-. Ni kweli, na kwa hiyo sitaki kuuegemeza mjadala wote juu ya kiambishi kimoja. Ila zimwi lina nia na njaa yake. Njaa ya lori ni ya mtu mwingine: mwenye lori, ambaye msimulizi hutuambia alikwenda usiku kwa mganga, akaahidi kafara, na tangu siku hiyo mali yake ikaongezeka. Anayetenda ni yeye, na lori ni mkono wake.

Mkono huo una historia. Wakati wa ukoloni watu wa Uganda na magharibi mwa Kenya waliwaogopa *wazimamoto*, ambao ilisemekana huzunguka usiku kwa magari wakikamata watu na kuwatoa damu. Luise White alikusanya masimulizi hayo Siaya mwaka 1986 na Kampala mwaka 1990, na kitabu chake cha mwaka 2000 ni kazi ya kuheshimiwa. Alionyesha kwamba uvumi huo ulikuwa na mantiki, kwamba ulizungumzia kazi, mishahara, na vyombo vigeni vilivyotumiwa na watu waliofungiwa ndani yake. Hata hivyo nina ugomvi naye kuhusu jina. Kuwaita wazimamoto kwa neno la Ulaya la wafu wanyonyao damu ni kulifuta lile ambalo wasimulizi walilichagua. Mzimamoto ni mwajiriwa. Ana sare, ana kituo, ana mkubwa wake. Hali kadhalika *mumiani* wa pwani: kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 yaeleza kwamba ni dawa nyeusi iliyosemekana kutoka Uajemi, ambayo wengi waliamini kuwa ni damu ya watu iliyogandishwa. Yaani bidhaa yenye muuzaji na mnunuzi.

Wala sisemi kwamba masimulizi haya hayana madhara. Mwenye lori hutajwa kwa jina, na pengine kosa lake ni kufanikiwa tu. Malawi mwaka 2017 watu waliuawa na makundi kwa kudhaniwa kuwa wanyonya damu. Lakini tutazame upande wa pili. Mwezi wa Julai 2021 lori la mafuta lilipopata ajali Malanga, Siaya, katika barabara ya kwenda Busia, watu wasiopungua 13 waliteketea walipokuwa wakikinga mafuta. Ni rahisi kuwalaumu waliokuwa na madumu. Kisakale huuliza swali jingine: lori ni la nani, na nani alilala salama usiku ule? Mhakiki anayekiita ushirikina huwa amemwachilia mwenye lori kabla hajaulizwa lolote kuhusu breki zake.

Sokoni Moding nilimwuliza mama mmoja, mwuza ndizi, lori alilolisimulia lilikuwa la aina gani. Hakukumbuka, wala rangi hakuikumbuka. Mwenyewe alinitajia mpaka babu yake.