Mkono Uamini Kwanza

Fumba macho, ushike wenzo wa magurudumu wa ndege ya abiria, na mkono utakwambia ndio wenyewe: kichwa chake ni cha mviringo, kama gurudumu dogo. Wenzo wa flapu, yale mapande ya nyuma ya bawa yanayoteremshwa ndege inapokaribia kutua, una kichwa bapa mfano wa bawa. Si urembo. Mwaka 1943 mwanasaikolojia wa jeshi la Marekani, Alphonse Chapanis, alichunguza kwa nini marubani wa B-17 waliokwisha kutua salama walikuwa wakikunja magurudumu ndege ingali inakimbia juu ya lami, ikalala kwa tumbo. Alikuta swichi mbili, ya magurudumu na ya flapu, zimekaa jirani na zinafanana. Dawa yake ikawa kuzitofautisha kwa umbo, ili vidole vijue kabla ya macho. Siku hizi maumbo hayo ni sharti la kisheria kwa ndege kubwa za abiria.

Huvikumbuka vichwa hivyo viwili kila ninapotazama kazi ya mtu anayejenga kokpiti nyumbani, kwa mbao na nyaya, katika chumba ambacho kitanda kimesukumwa ukutani ili usukani upate nafasi. Wengi hudhani kazi hiyo ni ya skrini. Picha ya anga ndiyo sehemu nyepesi: programu ya kuigiza urukaji ya FlightGear hupatikana bure, na kompyuta ya wastani huweza kuiendesha. Kinachokula miezi ni kuufanya mkono uamini.

Chukua huo wenzo wa flapu. Kwenye Boeing 737 una vituo 9: juu kabisa, kisha 1, 2, 5, 10, 15, 25, 30 na 40. Fundi asiye na fedha za kununua uliotengenezwa kiwandani huchukua kipande cha chuma bapa, akakichora kwa penseli, akakifunga kwenye jiliwa na kuanza kukichonga kwa tupa, jino baada ya jino. Chini ya wenzo hupachika pini, hata msumari mnene uliokatwa kichwa, na springi ya kuivutia ndani ya jino. Akipitisha tupa kidogo tu zaidi ya alama, wenzo unacheza. Asipoifikisha, unakwama. Halafu kuna vituo viwili, cha 1 na cha 15, ambavyo ndege halisi imeviwekea kizingiti: wenzo haupiti moja kwa moja, lazima mkono ubadili njia kidogo ndipo uendelee. Sababu ni kwamba rubani anayeahirisha kutua na kupaa tena hurudisha flapu huku macho yake yana kazi nyingine, na kizingiti humwambia amefika. Nani angemlaumu mjenzi wa chumbani akikiacha kizingiti hicho? Hakuna abiria wa kulalamika. Lakini wajenzi ninaowaheshimu hukichonga, wakakipiga msasa, wakakijaribu gizani mara mia.

Mwanza tunapajua mahali palipopewa jina na kazi ya aina hii. Makoroboi, pale penye mawe katikati ya jiji, paliitwa hivyo kwa sababu ya mafundi waliogeuza makopo matupu kuwa taa za mafuta. Macho yaliyoiona taa ndani ya kopo ndiyo yanayohitajika hapa. Beringi ya kitovu cha baiskeli hubeba mhimili wa usukani. Tyubu kuukuu, ikikatwa vipande virefu, huurudisha usukani katikati na kuupa uzito wa kusukumika. Kiti hutoka kwenye gari lililochinjwa gereji. Kibodi iliyokufa herufi chache haitupwi: ndani yake mna bodi ndogo ambayo, ukiilehemu nyaya mahali pake, hugeuka kuwa mlango wa swichi kadhaa za kuingia kwenye kompyuta. Umeme wa taa za paneli hutoka kwenye pawa saplai ya kompyuta iliyozeeka, yenye volti 5 na 12 tayari.

Simuleta yenyewe, mtambo wa kuigiza urukaji, ilizaliwa katika uokotezaji kama huu. Edwin Link wa Binghamton, jimbo la New York, alikulia katika kiwanda cha baba yake cha piano na ogani. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alichukua mivukuto ya ogani, ile inayojaa upepo na kusinyaa, akaiweka chini ya kijindege cha mbao ili kiinuke, kilale ubavu na kuzunguka kadiri mwanafunzi anavyoshika usukani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili maelfu ya mitambo yake ilifundisha marubani kuruka gizani. Alipata hataza yake mwaka 1931, na mwaka huohuo, tarehe 28 Februari, Imperial Airways ilianza safari ya kila wiki kutoka London ambayo kituo chake cha mwisho kilikuwa hapa Mwanza. Nafurahi kuona tarehe hizo mbili zimekaa pamoja.

Upande wa umeme nitaupitia haraka, isipokuwa nobu moja. Ni ile ya kuchagulia mwelekeo au kimo, inayozunguka bila mwisho. Ndani yake mna njia mbili za ishara, na hazianzi kupitisha umeme kwa wakati mmoja: ya kwanza ikitangulia, unazungusha kulia, ya pili ikitangulia, kushoto. Bodi ya Arduino, iliyobuniwa Ivrea nchini Italia mwaka 2005 kwa ajili ya wanafunzi wasio na fedha nyingi, husoma utangulizi huo na kuhesabu. Ikihesabu vibaya nobu huruka namba, na fundi hurudi kwenye lehemu usiku mwingine.

Nimebakiza kitu kidogo kuliko vyote. Kwenye nguzo ya katikati ya vioo vya mbele vya Airbus kuna tufe tatu ndogo, moja nyeupe na mbili nyekundu. Rubani husogeza kiti mbele na nyuma, juu na chini, mpaka ile nyeupe ifunike nyekundu. Hapo jicho lake limekaa mahali ambapo waliosanifu ndege walilitaka. Mjenzi huzifanya kwa shanga tatu na kipande cha waya, kitu cha bei ya chai. Kisha huketi kwenye kiti cha gari, akakivuta kidogo, akainua kidevu. Shanga nyeupe inafunika nyekundu. Mshale wa kimo ungali juu ya futi 3,763, kwa kuwa uwanja wa Mwanza umekaa juu hivyo kutoka usawa wa bahari, na mbele, ng'ambo ya maji ya ziwa, njia ya kutua namba 12 inaanza kuonekana. Mkono wa kulia unaondoka wenyewe kutafuta gurudumu.