Mfuko Ulioikwamisha VVU

Tanzania ilipoanza kutoa ARV bure mwaka 2004, wagonjwa wengi waliofika Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza, walianzishiwa dawa tatu: stavudini, lamivudini na nevirapini. Mbili za mwanzo hujifanya tofali halali la DNA, zikaingia kwenye mnyororo unaojengwa na kuukatisha. Nevirapini haina ujanja huo. Yenyewe hukigeuza umbo kimeng'enya chenyewe.

Kimeng'enya hicho ni rivasi transkriptezi. VVU hubeba vinasaba vyake katika RNA, na haviwezi kujichomeka kwenye vinasaba vya seli ya binadamu mpaka RNA hiyo inakiliwe kuwa DNA. Wataalamu hugawa umbo la kimeng'enya hicho kama mkono: vidole, kiganja na kidole gumba. DNA changa hupita kati yake, na kazi ya kuunganisha hufanyika kiganjani.

Mwaka 1992 kundi la Thomas Steitz, katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, lilichapisha picha ya kimeng'enya hicho kikiwa kimeshikamana na nevirapini. Dawa haikuwa mahali pa kazi. Ilikuwa imejibanza ndani ya mfuko ulio umbali wa takriban nanomita 1 kutoka hapo, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita.

La kushangaza zaidi, bila dawa mfuko huo haupo. Tirosini mbili (asidi amino, vipande vinavyounda kimeng'enya), namba 181 na 188, huwa zimelala ndani na kuijaza nafasi hiyo. Nevirapini inapoingia huzisukuma, nazo zikageukia upande mwingine, na hapo ndipo mfuko unapofunguka. Kuta zake zinaposogea, sehemu inayoshikilia ncha ya DNA nayo husogea, na kidole gumba hubaki kimekakamaa wazi. Kimeng'enya bado kinaweza kuishika DNA na kupokea tofali jipya, ila kuliunganisha ndiko kunakokwama.

Nguvu ya mbinu hiyo ilithibitika ng'ambo ya ziwa. Utafiti wa Hospitali ya Mulago, Kampala, uliochapishwa mwaka 1999, ulimpa mama kidonge kimoja cha nevirapini cha miligramu 200 uchungu ulipoanza, na mtoto dozi moja ya maji ndani ya saa 72 baada ya kuzaliwa. Watoto walipofikisha wiki 14 hadi 16, asilimia 13.1 walikuwa wameambukizwa, dhidi ya asilimia 25.1 kwa waliopewa AZT, dawa nyingine ya VVU, kwa muda mfupi. Kwa nchi maskini, hayo yalikuwa mafanikio makubwa mno.

Lakini udhaifu ulikuwa humo humo. Kwa kuwa kirusi hakiutumii mfuko huo kwa lolote, kinaweza kuubadilisha bila kupata hasara kubwa. Lisini namba 103 ikigeuka asparajini, au tirosini 181 ikigeuka sisteini, dawa haishiki tena. Zaidi ya hapo, nevirapini hukawia kutoka mwilini, hivyo dozi moja huacha kiasi kidogo cha dawa damuni kwa siku nyingi, na virusi sugu hupata nafasi ya kuzaliana. Efavirenzi, iliyokuja kushika nafasi yake, hukaa kwenye mfuko uleule, na badiliko la 103 huziangusha zote mbili. Ripoti ya WHO ya mwaka 2017 iliitaja Uganda miongoni mwa nchi ambako usugu kwa kundi hili la dawa ulizidi asilimia 10 kwa watu wanaoanza matibabu.

Ndiyo maana kuanzia mwaka 2019 Tanzania ilihamia kwenye kidonge chenye dolutegraviri. Hii hushambulia kimeng'enya kingine, intigrezi, na hung'ang'ania ioni mbili za magnesiamu palepale pa kazi. Kirusi kikipabadilisha hapo, mara nyingi hupoteza uwezo wa kuzaliana vizuri. Hata hivyo usugu dhidi yake umeshaonekana, na mgonjwa mwenye virusi sugu anaweza kujiona mzima kwa muda mrefu. Kwa anayemeza dawa zake Mwanza, Ukerewe au Sengerema, kipimo cha wingi wa virusi ndicho kitakachomwambia mapema kama dawa bado inashika.