Mandhari na Ufahamu katika "Mzimu wa Watu wa Kale"

Mwanafunzi akiulizwa mandhari ya hadithi aliyoisoma, aghalabu hutaja jina la mahali, kisha hunyamaza. Jawabu lake si la uongo, na mtahini hulipa alama yake. Lakini halionyeshi kama hadithi imefahamiwa. Ni sawa na mtu aliyeulizwa tabia ya shemegi yake akajibu kwamba anakaa Darajani. Wahusika, mandhari, msuko wa matukio na mengineyo yamegeuka katika skuli nyingi kuwa majina ya kuorodheshwa, na vijitabu vya maswali na majibu vimemwondolea mwanafunzi hata haja ya kukifungua kitabu chenyewe. Hasara yake si ndogo. Katika skuli za sekondari, ambako masomo mengi husomeshwa kwa Kiingereza, saa ya Kiswahili ndiyo saa ambayo kijana wa Unguja aweza kusoma kwa kina katika lugha aliyokulia. Saa hiyo ikipotea kwa kukariri, hana nyingine.

Kitabu kifaacho kulipima jambo hili ni "Mzimu wa Watu wa Kale" cha Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi (1918-1991). Kilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957-58, kikachapishwa mwaka 1960. Mtu ameuawa, watu wanautaja mzimu, na Bwana Msa, pamoja na kiko chake na sahibu yake Najum, anaingia kazini.

Msomaji wa mbali hulikuta neno mzimu, akafungua kamusi, akaendelea na safari yake. Msomaji wa Chwaka, kijiji cha wavuvi cha pwani ya mashariki ya Unguja, hafungui kamusi. Katika vijiji vya upande ule mzimu ni pango, au mti, au jiwe, ambalo watu wamelirithi kwa wazee wao na kulipelekea ubani na nadhiri. Na mtoto alifundishwa adabu ya kupita hapo mapema sana, pengine kabla ya alifu na be. Basi yamkini itadhaniwa kwamba msomaji huyu amekwisha kumtangulia mwenzake. Amemtangulia kwa hatua moja, walakini hatua hiyo hiyo ndiyo inayomtia mtegoni. Uzito wa mahali pale humjibu swali la nani ameua kabla halijaulizwa. Wa mbali hadanganyiki, kwa sababu haogopi. Na kwa kuwa haogopi, hajui kwamba kulikuwa na jambo la kushindana nalo. Mwandishi amemwandikia kwanza yule awezaye kudanganyika. Mandhari hapa si pazia la nyuma. Ni shahidi, tena shahidi mwenye heshima kubwa, na shahidi mwenye heshima ndiye mgumu kuhojiwa.

Bwana Msa haudharau mzimu wala hawacheki wanaouamini. Hufanya jambo dogo zaidi: anakataa kuliacha jina la mahali limalize mazungumzo. Najum huona karibu yote anayoyaona yeye, na bado hafahamu. Tofauti yao haimo katika macho. Maji yatokapo katika ghuba ya Chwaka, nayo hutoka mbali sana wakati wa bamvu, mwanamke anayetafuta pweza hutembea na mtoto wake juu ya mwamba. Wote wawili huyaona magamba ya kaa na makombe matupu yaliyolundikana mbele ya tundu. Mtoto huona takataka. Mama hujiuliza ni nani aliyekula hapo, akachomeka kijiti chake. Kusoma hadithi kwa ufahamu ni kazi ya namna hiyo hiyo, na Najum amewekwa kitabuni ili msomaji amwone mtu anayepita juu ya makombe.

Wako waliosema kwamba Abdulla alimwiga Conan Doyle, na ni kweli kwamba Bwana Msa ana kiko na mwenzi wa kumshangaa. Doyle naye, katika "The Hound of the Baskervilles" (1902), alitumia hofu ya watu kuficha mkono wa mtu. Lakini mbwa wa Waingereza hawezi kufanya Unguja kazi anayoifanya mzimu; mwigaji mtupu angemleta mbwa. Kasoro ya kitabu iko kwingine. Mwishoni Bwana Msa huzungumza mno, na siri za nasaba hufunguliwa kwa maelezo marefu, hata msomaji aliyejitahidi akanyang'anywa kazi yake na kupewa jawabu mkononi, kama vile vijitabu vya mtihani vifanyavyo.

Mwalimu aweza kuiepuka hasara hiyo kwa kuligeuza swali lake. Badala ya kuuliza mandhari ya riwaya ni ipi, aulize: kama mkasa huu ungetokea sokoni Darajani, mchana, ni sura zipi za kitabu zisingeweza kuandikwa, na ni nani kati ya wahusika angekosa cha kusema? Swali hilo halina jawabu katika vijitabu, na aliyetoka Chwaka na aliyetoka mjini hawatalijibu sawasawa.