Pakia, Pakua na Nyaraka za Halmashauri

Tovuti za halmashauri za wilaya nchini Tanzania, zikiwamo za Ruangwa na Nachingwea, zina sehemu iitwayo Machapisho, ambamo mwananchi hutarajiwa kupata sheria ndogo, mpango mkakati na fomu za aina mbalimbali. Twataka hapa kuyapima maneno yanayomwongoza, kwani mkazi wa kata ya Likunja atafutaye fomu kwa simu yake hana karani wa kumwuliza. Ana maneno tu mbele yake.

Neno pakua limekwisha kuenea, nasi hatuoni sababu ya kuling'oa. Hata hivyo haifai kudai kwamba maana yake i wazi. Chakula hupakuliwa chunguni, na shehena hupakuliwa chomboni; katika hali zote mbili kilichotolewa hakibaki kule kilikotoka. Kilichomo katika tovuti hubaki pale pale hata kikipakuliwa na watu elfu. Vivyo hivyo pakia: mkulima wa Likunja akipakia magunia ya ufuta garini kwenda ghalani, nyumbani kwake hayabaki, lakini ofisa akipakia fomu tovutini, fomu ile ile ingali katika kompyuta yake. Kinachosafiri ni nakala, na mwalimu afundishaye maneno haya yampasa kuanza na neno hilo. Wapendao shusha na pandisha hawajaiondoa kasoro. Wameongeza ngazi isiyokuwapo. Lawama yetu kubwa ni kwa wanaoyachanganya yote: juu ya ukurasa "pakua", chini yake "shusha", na pembeni "bofya hapa", agizo lisilosema litakalotokea. (Kubofya, kwa asili, ni kukibonyeza kitu laini kwa kidole, kama embe, kujua kama limeiva. Hapo twakubali kwamba mtunzi alibahatika.)

Gumu zaidi ni jina la kitu chenyewe. Katika utumishi wa serikali, waraka ni maelekezo yatolewayo na mamlaka, yenye namba na tarehe: Waraka wa Elimu, Waraka wa Utumishi. Siku hizi wingi wake, nyaraka, hubandikwa juu ya kila karatasi. Mwalimu afunguaye "Nyaraka" akitazamia maelekezo ya wizara, akakuta fomu ya leseni na tangazo la mnada wa korosho, amepotezwa na neno lililokuwa lake. Twapendekeza hati itumike kwa jumla, na waraka urudishiwe maana yake.

Faili nalo lina mashaka. Katika masjala, faili ni jalada lenye karatasi nyingi zilizopewa namba. Katika kompyuta, faili ni hati moja, na kinachozikusanya hati huitwa folda au kabrasha. Karani wa masjala aambiwaye "pakia faili" ana haki ya kuuliza: lote?

Lililobaki ni "mfumo wa kusimamia maudhui", yaani programu ambayo kwayo ofisa huziweka hati tovutini. Wasomi wetu wa fasihi wamelizoea neno maudhui likiwa pacha wa fani: dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi. Orodha ya wazabuni haina falsafa. "Mfumo wa kusimamia yaliyomo" watosha, na tarishi wa ofisi ataufahamu bila kufasiriwa.