Chai ya Baba yake Kambili

Mara ya kwanza kusoma Purple Hibiscus ya Chimamanda Ngozi Adichie nilimkasirikia Kambili. Msichana wa miaka 15, baba anamuumiza, naye bado anatafuta sifa kutoka kwake! Nimeirudia mwaka huu. Kumbe nililalamikia kitu kile kile kinachokibeba kitabu.

Chukua ile chai. Eugene, baba mtu, huwapa watoto wake funda moja kutoka kikombe chake kabla hajanywa. Ni moto, inaunguza ulimi. Kambili anatusimulia kwa furaha, maana kwake kuungua huko ndiko kupendwa. Halalamiki hata kidogo. Kazi hiyo ameachiwa msomaji.

Ama ile siku, baada ya chakula cha mchana, anaposikia vishindo chumbani mwa wazazi. Anajiambia labda mlango umekwama, baba anajaribu kuufungua. Kisha baba anatoka amembeba mama begani kama gunia la mchele. Kambili na kaka yake Jaja wanabaki kupangusa damu. Hukumu hakuna. Yaani unasoma huku ukitaka kupiga kelele kwa niaba yake.

Na ugumu ni kwamba Kambili hatudanganyi. Baba yake ni shujaa kweli: gazeti lake linaikabili serikali ya kijeshi, na watu kibao wanasoma kwa pesa zake. Angesimulia Amaka, binamu yake mwenye ulimi mkali, tungepata hukumu mapema sana, lakini tusingejua kwa nini nyumba nzima ilinyamaza.

Kwa Padre Amadi lakini, sikubaliani na Adichie. Kambili anahamishia kwake macho yale yale ya kuabudu, na safari hii hatuonyeshwi ufa wowote nyuma ya sifa. Baba tunamwona kumzidi bintiye. Padre tunamwona vile tu binti anavyotaka.

Najua ninachosema, kwa sababu nimekwama hapo hapo. Naandika kuhusu marehemu mjomba wangu, aliyenilipia karo ya chuo hadi nilipoacha. Rasimu tatu, na zote anatoka safi kama picha ya kwenye programu ya mazishi. Dada yangu alisoma ya tatu akaniuliza, "Na aunti je?"

Aunti hayumo. Na niliishi kwao miaka minne, chumba changu kikipakana na chao.