Macho Kwenye Uzi

Mwenye lori ana haraka. Mawingu yameshakaa juu ya milima ya Livingstone, barabara ya kwenda Njombe ikilowa itateleza, na mzigo aliouahidi Makambako haujatimia. Anasimama kando ya jukwaa la kupasulia magogo, anahesabu mbao kwa sauti. Hapo ndipo utamjua mpasuaji hodari wa Tandala: anaomba tupa, anaketi, ananoa msumeno.

Huku Makete mbao nyingi ni za msindano, mti wenye asili ya Meksiko ambao umeizoea baridi yetu kuliko wageni wengi wa kutoka pwani. Siku hizi mashine zimeichukua sehemu kubwa ya kazi. Mimi nausifu ufundi wa zamani, wa watu wawili na msumeno mrefu, mmoja juu ya gogo na mwenzake chini.

Kazi huanza na uzi. Hupakwa unga mweusi wa betri kuukuu uliokorogwa na maji, ukavutwa toka ncha hadi ncha ya gogo, ukanyanyuliwa kwa vidole viwili na kuachiwa. Pap! Mstari umelala. Gogo hugeuzwa, mstari ukapigwa na upande wa pili, maana aliye chini naye anauhitaji wake. Maamuzi makubwa yote yameishia hapo: mbili kwa nne ngapi, moja kwa nane ngapi. Kilichobaki ni kufuata.

Msumeno huo hukata unaposhuka. Aliye chini huvuta, unga wa mbao ukimmwagikia usoni. Aliye juu hupandisha na kuongoza. (Sifa zote humwendea wa juu. Si haki.) Ukiukandamiza ili uwahi, unayumba, na ukishayumba nguvu haziurudishi: ubao unakuwa mnene huku, mwembamba kule, na ubao wa pili unairithi kasoro hiyo kwa kuwa mkato wao ni mmoja. Njia ikibana, hupigwa kabari. Meno yakifubaa, hunolewa na kupindwa, moja kushoto, moja kulia, na kwa muda huo hakuna ubao unaoongezeka.

Tunapenda kuwasukuma watu kwa kuwatajia lengo: mwanafunzi daraja la kwanza, mchezaji kombe. Nadhani tunawaonea. Hakuna anayeweza kupasua mbao mia. Anaweza kuvuta mvuto mmoja, kisha mwingine. Ukilitazama rundo la mbao wakati msumeno uko ndani ya gogo, unatazama mahali ambapo kazi haipo.

Wapo wasemao utulivu ule wa mpasuaji anayenoa huku akiharakishwa ni wa kuzaliwa, kwamba watu wa milimani damu yao ni ya polepole. Siamini. Ni uzi: umelipa jicho mahali pa kukaa, hofu ikakosa nafasi. Mtazame anayejifunza. Macho yake yanaruka toka kwenye gogo hadi kwenye rundo, toka kwenye rundo hadi kwa mwenye lori, na msumeno unayafuata.